Nusu Meza ya Mpakani

Katika wilaya ile, ukitaka kujua ukubwa wa mkuu usihangaike kutazama gari lake. Gari lilikuwa bovu. Tazama miguu ya meza yake. Na miguu hiyo yote ilitoka mikononi mwa mtu mmoja, fundi seremala wa wilaya, ambaye jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kuanzia ofisini hadi gengeni, watu walimwita Pimatena.

Aliitwa hivyo kwa sababu ndilo lilikuwa neno lake. Mpelekee mlango uliopimwa na wewe na baba yako na jirani yako, atakwambia, "Pima tena." Mkewe alikuwa akiapa kwamba hata siku ya posa, alipoambiwa amekubaliwa, aliomba bibi harusi aulizwe tena. Akaulizwa. Bahati yake hakubadili mawazo.

Wilaya yenyewe, jamani, msiniulize iliumbwaje. Ilikuwa nyembamba na ndefu kama mkia wa mjusi, huku vilima, huku mto ambao ulikuwa mto wakati wa masika na njia ya mbuzi mwaka uliobaki. Wakubwa wa kwanza walipanga makao makuu yawe katikati, penye maji na kivuli, kama watu wenye akili. Lakini dereva wa lori la mabati alipitiliza bila kujua, akaja kuvunja ekseli huku mwisho kabisa, puani mwa mpaka. Wakasubiri spea. Walipochoka kusubiri wakajenga hapohapo, na mwenye shida ya kumwona mkuu akawa anasafiri wilaya nzima kumfuata. Lori lile bado lipo nyuma ya ofisi ya ardhi, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, na spea bado inasubiriwa.

Kutoka ofisini hadi mpakani ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Kuna uwanda mtupu, na katikati ya uwanda mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Upande wa pili kuna wilaya nyingine ya nchi nyingine, yenye mkuu wake, lori lake bovu na seremala wake. Watu wa pande zote mbili walikuwa wanaoana, wanazikana na kuibiana kuku, tena kwa lugha moja. Kwa ajili ya mambo hayo, hasa kuku, wakuu wawili walitakiwa kukutana kila mwaka baada ya masika kwenye mkutano wa ujirani mwema.

Hapo ndipo kiburi kilipokaa kitako. Wa kwetu hakutaka kwenda kwao, kwani mgeni hana sauti. Wa kwao naye, kwetu haji ng'o. Ikaamuliwa wakutane mstarini, kila mtu akae kwenye ardhi yake. Vizuri. Meza je? Tukileta sisi, yeye atakuwa ameegemea meza ya watu. Wakileta wao, sisi ndio tutakuwa tumekaribishwa. Walibishana wakiwa wamesimama juani mpaka mwenye akili mmoja akasema kila upande ulete nusu. Katika maazimio yote ya mikutano ile, hilo ndilo pekee lililowahi kutekelezwa. Kila nusu ilisimama kwa miguu yake minne, zikaunganishwa juu ya mstari, na ufa uliobaki katikati ukawa ndio mpaka. Kalamu ikidumbukia humo, hakuna aliyethubutu kuiokota.

Nusu ya kwetu akaitengeneza Pimatena. Nusu ya kwao akaitengeneza shemeji yake.

Ndiyo, shemeji yake wa damu, kama shemeji anaweza kuwa wa damu. Wawili hao walijifunza useremala kwenye karakana moja, wakila sahani moja na kugombania randa moja. Kazi yao ya kwanza ya maana ilikuwa meza ya jikoni waliyomtengenezea dada yake Pimatena, dada mkubwa aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Hawakuwa na vipimo. Walimsimamisha dada katikati ya jiko, wakaweka alama ya mkaa pale nyonga yake ilipoishia, wakasema hapo ndipo meza itakapofika, asiiname wala asijinyooshe akikata mboga. Mwenzake akachukua muda mrefu kuweka alama ile kuliko ilivyohitajika, na Pimatena, mtu wa kupima tena, hakuona kitu. Ilipofika posa ndipo akashtuka. Dada akaolewa upande wa pili, na meza ikabaki kwa mdogo wake.

Miaka mingi nusu mbili zililingana kama meno ya juu na ya chini. Halafu mwaka mmoja, huenda masika yalivimbisha ardhi, huenda kulikuwa na kichuguu, nusu ya kwao ikaonekana imezidi kwa unene wa kidole. Mtu akamwaga chai upande ule. Chai ikavuka mpaka bila kibali, ikateremka mpaka mapajani mwa mkuu wetu.

Mkuu wetu alikuwa mtu mfupi, na watu wafupi wenye vyeo hawasahau. Alipanda gari akiwa amelowa, akamwita fundi dirishani. "Fundi, leo nimemwagiwa chai na nchi jirani."

Pimatena akamfuata shemeji yake palepale uwandani, mbele ya wabebaji. "Shemeji, hii umenizidishia makusudi."

"Nani? Mimi?" Shemeji akacheka kwa pua. "Wewe ndiye uliyepunja mbao. Ubahili wako utakuua."

Mwambie seremala mchoyo, atacheka. Mwambie mlevi, atauliza nani kakwambia. Usimwambie amepunja. Pimatena alijibu neno, shemeji akajibu neno zaidi, na kuanzia siku ile wakakatiana miguu. Huyu haendi kwa dada yake, yule haji kwa wakwe zake. Miaka ikapita hivyo.

Meza ndizo zilizoendelea kuzungumza. Mwaka uliofuata mkuu wetu aliamuru nusu yetu ipande kidogo. Wa kwao alipoona, naye akapandisha. Tukapandisha. Wakapandisha. Wanasema tembo wawili wakipigana huumia nyasi; hapa iliumia mbao. Meza zilifika kifuani, viti vikashindwa, ikabidi zitengenezwe stuli ndefu. Mkuu wetu alipandishwa kwenye stuli yake na mlinzi, kwa heshima zote, kwa kushikwa makwapa, akakaa miguu inaning'inia kama ya mtoto anayenyolewa. Walikunywa chai viwiko vikiwa masikioni. Habari za kuku hazikujadiliwa tena, maana huko juu mtu anafikiria zaidi namna ya kushuka.

Basi, mwaka ninaousimulia, mambo mawili yalimfikia Pimatena asubuhi moja. La kwanza lilikuja na mkuu mwenyewe, aliyeingia karakana na kusimama kwenye lundo la maranda ili aongezeke kimo.

"Fundi, mwaka huu nataka wanione. Ongeza mkono mzima."

"Mheshimiwa, mkono mzima? Itabidi tuongeze na stuli."

"Ongeza." Akapangusa vumbi la mbao begani. "Na ukinipunja, kule ncha ya mkia wa wilaya kuna stoo haina mlinzi. Utakwenda kulinda buibui."

La pili lililetwa na muuza nyanya, mwanamke aliyevuka mpaka kila siku ya soko akiwa na kapu kichwani na habari kapuni. Alitua mzigo mlangoni, akapumua, akasema, "Dada yako ananituma. Ameniambia nisipunguze neno, nami sipunguzi."

"Sema."

"Anasema binti yake anaolewa, wiki moja baada ya mkutano wenu wa meza. Anasema amechoka kuwa dada wa huyu na mke wa yule kama vile ni wanawake wawili. Msipopatana kabla ya harusi, atamwoza mtoto bila mjomba. Na mumewe ameshaambiwa: bila mjomba, na yeye baba mtu atakaa nje na waosha masufuria." Akachukua kapu lake. "Na akasema wewe ni punda, lakini hilo nadhani unalijua."

Pimatena alikaa juu ya benchi lake la kazi. Iliuma. Yule binti alijifunza kutembea kwa kigari cha mbao alichomchongea yeye, magurudumu matatu, maana la nne alilipima mpaka likaisha. Alikuwa akimwita Mjomba Tena. Mara ya mwisho kumwona alikuwa bado anang'oka meno, na sasa anaolewa, na mjomba mtu amekaa anapandisha meza.

Nyumbani alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa anakatakata vitunguu kwenye meza ileile ya dada, na hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo utachagua kati ya mtoto na buibui."

"Mke wangu, usinifanyie mzaha. Tukihamishiwa stoo, nyumba hii ya serikali tunaiacha. Karakana naiacha."

"Nimesikia. Na huyo shemeji yako?"

"Atapandisha kama kawaida yake. Nikishusha mimi, mkuu wangu atakaa chini ya yule kama mwanafunzi mtoro mbele ya mwalimu. Mimi nitaaibika mbele ya nchi mbili."

"Umeshaaibika mbele ya moja." Kisu kikaendelea. "Dada yako alikulisha, akakuvisha, akakufuta makamasi. Pima tena."

Hakuna kitu kinachouma kama kupigwa kwa fimbo yako mwenyewe. Pimatena alitoka, akazunguka nyumba, akarudi na kamba. Akapiga magoti jikoni, akaivuta kutoka sakafuni hadi ukingo wa meza ya vitunguu, akafunga fundo. Kisha akapima tena. Mkewe akanyanyua bakuli kumpisha.

Kesho yake alifunga mlango wa karakana, akalaza nusu meza ya wilaya ubavuni, akashika msumeno. Mguu wa kwanza ulipoanguka sakafuni moyo wake nao ulianguka. Hakuna kurudisha hapo. Mbao haiombwi radhi. Alikata miguu yote minne hadi kwenye fundo la kamba, akapiga msasa, akasimamisha. Ilikuwa meza tu. Ilikuwa imepita miaka hajaona meza.

Tatizo likawa ukaguzi. Mkuu alituma neno kwamba anakuja kutazama. Pimatena akakusanya vile vipande vya miguu alivyokata, akaongeza masanduku ya misumari, akapandisha meza juu yake na kufunika yote kwa turubai hadi chini. Mkuu akaingia, akatazama juu, akazunguka. Akajaribu kugusa ukingo wa juu, akakosa, akaruka kidogo, akaugusa. Uso ukamng'aa.

"Hii ndiyo wilaya," akasema. "Mbona umeifunika?"

"Rangi haijakauka, mheshimiwa."

"Isifunuliwe mpaka siku yenyewe. Nataka wazimie." Akaondoka anapiga mluzi, na Pimatena akaketi juu ya debe la gundi.

Siku ya mkutano uwanda ulijaa watu. Nusu yetu ilifika kwa mkokoteni, imelazwa na kufungwa turubai. Nusu ya kwao nayo ilikuwa imefungwa, kwa mashuka. Shemeji alisimama kando yake, amezeeka, kipara kimepanda hadi utosini. Pimatena, aliyekwepa uso ule mikutano yote, alimtazama, kisha akajifanya anakaza kamba za turubai. Nyuma ya shemeji, kwenye kundi la wabebaji na wapishi, alisimama dada mtu mwenyewe, ameshika birika kubwa la chai, uso hausomeki.

Stuli zikawekwa kwanza. Mkuu wetu akanyanyuliwa kwa makwapa. Mkuu wa kwao, mtu mrefu mwenye magoti mabaya, akapanda yake kwa kuugulia. Wakawa huko juu kama kunguru wawili juu ya nguzo, kati yao hewa tupu.

"Leteni," akasema mkuu wetu kwa sauti ya mtu anayetoa karata ya mwisho.

Pimatena alifungua turubai. Akaisimamisha nusu yake kwenye mstari, akarudi nyuma hatua moja, akafumba macho, akangoja nusu ya shemeji isimame juu yake kama mnara na mkuu aanze kufoka.

Kelele hazikuja. Mtu akakohoa tu. Pimatena akafungua jicho moja.

Nusu mbili zilikuwa zimekaa pamoja kwenye mstari, zimelingana hata ungeweza kutelezesha sahani ya mchuzi kutoka nchi hii kwenda nchi ile usimwage tone. Shemeji naye alikuwa amefumba macho. Shingoni kwake kulikuwa na kamba yenye fundo.

Huko juu, wakuu wawili walikuwa wanaitazama meza kati ya magoti yao.

"Fundi," akasema mkuu wetu polepole, "ni nani aliyekuruhusu kushusha wilaya?"

Pimatena akaona stoo, akaona buibui. Akasema, "Nimejiruhusu, mheshimiwa. Dada yangu ameolewa ng'ambo ile. Meza hii imenikosesha kumwona."

"Na wewe?" mkuu wa kwao akamuuliza seremala wake.

"Mimi ndiye niliyemuoa, mheshimiwa. Amenitishia masufuria."

Mkuu wetu alitazama nusu ya kwao kwa makini, akitafuta mahali ilipomzidi. Hakupaona. Akatazama ilipopungua, apate angalau kufurahi. Hakupaona. Mtu aliyekuja kwa vita akikuta adui hayupo, hajui aweke wapi mikono yake.

Wa kwao ndiye aliyeanza. "Ndugu yangu," akasema, "mimi tangu mkutano uliopita nina ganzi mguu wa kushoto."

Mkuu wetu akatafakari. "Mimi ni wa kulia," akakiri. "Na kila nikipanda huku naota usiku nimeanguka."

"Basi tushuke."

"Tangulia."

"Tangulia wewe."

Wangekaa pale hadi leo. Ikabidi mlinzi wetu ahesabu moja, mbili, tatu, na wakuu wakatua kwenye ardhi kwa pamoja, kila mmoja kwenye nchi yake. Vikaletwa viti vya wapishi. Wakaketi, wakaweka viwiko mezani kama binadamu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka, wakauliza habari za kuku.

Huku nyuma mafundi wawili walibaki wamesimama, kila mmoja akitazama viatu vyake. Dada akaja na birika. Alipita katikati ya wakuu bila kuomba njia, akasimama pale kwenye ufa, mguu mmoja huku na mmoja kule, akaegemea meza. Ukingo ukamfika nyongani barabara. Akaupapasa ukingo wa nusu ya kwanza, akaupapasa wa nusu ya pili, akalitua birika.

"Shikamoo dada," akasema Pimatena.

"Marahaba, punda." Akamgeukia mumewe. "Na wewe punda wa pili. Njooni hapa."

Wakaja. Shemeji akanyoosha mkono, Pimatena akaupokea, wakaushika wote kwa muda kama watu wanaongojea gundi ikauke.

"Nilijua wewe utapandisha," akasema Pimatena.

"Na mimi nilijua hivyohivyo kwako. Nimelala macho wazi wiki nzima."

"Mmemaliza?" dada akauliza. "Harusi ni wiki ijayo, na mtoto hana kitanda. Kila fundi niliyemwendea anasema haiwezekani, bibi harusi ana mjomba na baba maseremala, wao wataidharau kazi yake. Kwa hiyo kitanda mnatengeneza nyinyi."

Pimatena akafurahi hata akasahau kumwogopa mkuu. Akatoa futi mfukoni. "Hapo umesema, dada. Mimi nitafanya upande wa kichwani kule karakana kwangu."

"Nami upande wa miguuni," akasema shemeji, "kule kwangu. Halafu siku ya harusi tunaunganisha."

Dada aliwatazama, mmoja, kisha mwingine, kisha ule ufa wa meza ambao kalamu ya mkuu wetu ilikuwa ndiyo kwanza imedumbukia na hakuna aliyeinama kuiokota. Akainama yeye, akaiokota, akaiweka mezani.

"Kitanda kizima," akasema. "Karakana moja. Mwanangu halali na mpaka mgongoni."